Mkono wa Kushoto

Mpiga gitaa hurudi nyumbani na gitaa lake. Mimi piano zote nilizopiga kwa mshahara nimeziacha zilipo: hotelini, kanisani, shuleni. Ala ilikuwa ya mwenyewe, na mara nyingi hata wimbo ulichaguliwa na mwingine.

Nilizaliwa Riruta, Nairobi, upande wa Satellite. Kanisani kwetu kulikuwa na kinanda cha kukanyaga, na mama, mwanakwaya, alinifundisha do-re-mi kabla sijajua kusoma nota. Wenzangu walifuata sauti ya kwanza; mimi niliitegea sikio besi, nione inavyozibeba zile tatu za juu.

Nilipoweza kupanda matatu peke yangu, nilianza kwenda Harry Thuku Road, Kenya Conservatoire of Music, chuo kilichoanzishwa 1944, jirani na National Theatre. Huko tulipiga Bach kwa ajili ya mitihani iliyotungwa London. Jazz niliitafuta kwenye kaseti: Oscar Peterson wa Kanada, na zaidi Abdullah Ibrahim wa Cape Town, ambaye naye alikulia katika nyimbo za kanisa.

Ajira ya kwanza ilikuwa bendi ya rumba. Magitaa ndiyo yaliyotawala jukwaa. Kibodi yangu ilishika nafasi ya tarumbeta ambazo mwenye bendi hakuwa na pesa za kuzilipia. Sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, ikikolea, kazi yangu ilikuwa kurudia kipande kifupi bila kuyumba mpaka wachezaji wachoke wenyewe. Hapo ndipo mikono ilipojua kushika mwendo.

Kisha hoteli. Piano ya hotelini huwekwa panapopendeza macho, karibu na mlango au dirisha la jua. Kiangazi cha Januari na Februari mbao hukauka na sauti hushuka; mvua za masika zikija, mbao hunywa unyevu na sauti hupanda. Mafundi walikuwa wachache, basi nikanunua spana ya kukazia nyuzi zake zaidi ya 200, nikajifunza mwenyewe. Nilifika mapema nijaribu vibonye vyote 88. Kilichokufa nilikikwepa kwa kuhamisha wimbo mzima uanzie nota nyingine.

Wageni waliomba Malaika, au Jambo Bwana, wimbo wa Them Mushrooms wa 1982. Ubeti wa kwanza niliwapa kama walivyoujua. Wa pili, mkono wa kulia ulibaki palepale, wa kushoto ukashika njia yake: nikabadilisha nota za chini, nikaichelewesha besi nusu pigo, nikaichanganya na kwaya ya Riruta. Mgeni aliendelea kunywa chai. Mhudumu mmoja, mwanakwaya wa Kawangware, alipita na trei akaninong'oneza, "Kaka, leo huo wimbo umeuzungusha."

Hiyo ndiyo jazz iliyonilisha. Mwaka 2014 kampuni ya simu ya Safaricom ilipoanzisha tamasha lake la kimataifa la jazz, niliona Wanairobi wakinunua tiketi na kunyamaza kwa ajili ya piano, na mapato yakisaidia Ghetto Classics, mradi unaowafundisha muziki watoto wa Korogocho. Lakini mlo wetu wanamuziki uliendelea kutegemea usiku, na Machi 27, 2020 kafyu ya korona ikaanza, saa moja jioni kila mtu ndani. Hadi ilipoondolewa Oktoba 20, 2021, kibodi ilikuwa imehamia sebuleni na majirani walikuwa wameshaniletea watoto wao.

Bado ninawafundisha. Wanataka wimbo uliovuma, na wanautaka leo. Mimi huanza na mkono wa kushoto: besi ya kwaya, halafu rumba, halafu mengine. Mzazi mmoja alikuja kuuliza mbona mtoto hajajua wimbo hata mmoja.

"Mama Wambui, nyimbo ataletewa na wateja," nikamwambia. "Mimi ninampa kile ambacho mteja hawezi kumchagulia."

Akafikiri, akalipa ada ya mwezi huo, akasema ya mwezi ujao tutaongea.