Kabla Jumuiya Haijawa Dirisha la Michango

Ukimuuliza kijana Mkatoliki wa mjini leo jumuiya ndogondogo ni kitu gani, mara nyingi atakujibu kwa habari za fedha. Ndiko inakokusanywa zaka, mchango wa ujenzi, wa kumtegemeza paroko, wa sikukuu ya somo wa parokia. Na ndiko inakotoka barua ya kubatizia mtoto au kufungia ndoa. Hajakosea, maana ndivyo alivyoikuta. Kwa sisi tuliozikuta jumuiya zikiwa changa jibu hilo linauma, na linauma zaidi kwa kuwa ni la kweli. Ninachodai ni kwamba kwa miaka kadhaa jumuiya ilikuwa shule ya imani ambayo walei wa Afrika Mashariki hawajapata nyingine ya kuifikia, na kwamba haikuharibiwa na simu wala na makanisa ya kilokole kama tunavyopenda kulalamika. Tuliiharibu wenyewe tulipoipa kazi ya ofisi.

Wapenda tarehe watasema kwamba maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya Afrika Mashariki, walikubaliana juu ya kujenga jumuiya hizi Nairobi mwaka 1973, wakairudia hoja hiyo hapo hapo mwaka 1976, kisha wakaipima Zomba, Malawi, mwaka 1979. Mwingine ataongeza kwamba wenzao wa Kongo walikuwa wameanza kulizungumzia jambo hilo tangu 1961. Yote ni sahihi, na tuyaache hapo, kwa sababu kigangoni hakuna aliyeliona azimio la maaskofu. Kilichoonekana ni Biblia. Kabla ya hapo Mkatoliki wa kawaida alikuwa mtu wa katekisimu: maswali na majibu kwa kichwa, sala za asubuhi na jioni, rozari, na vitabu vya sala na nyimbo vilivyotoka kwenye mitambo ya Tabora na Ndanda. Biblia ilihesabiwa kuwa mali ya Waprotestanti, ambao tangu 1952 walikuwa na Union Version yao na waliibeba kwapani kila Jumapili mbele ya macho yetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umetamka mwaka 1965 kwamba waamini wote wafunguliwe njia pana ya kuyafikia Maandiko, lakini hati ya Mtaguso haina miguu ya kuifikisha Namanyere au Mbulu. Iliyoifikisha ni jumuiya.

Inafaa kukumbuka Biblia yenyewe ilivyokuwa. Mara nyingi ilikuwa moja kwa nyumba zote kumi au kumi na tano, imevikwa jalada la karatasi ya kaki kama daftari la shule, ikihama na zamu ya mwenyeji, na ilinuka moshi wa kuni wa kila nyumba iliyolala. Ukiifunga na kuitazama ubavuni ulijua mara moja ilikosomwa: kurasa za Injili zilikuwa nyeusi kwa vidole, Mambo ya Walawi yakabaki meupe kama yalivyotoka kiwandani. Watu walikaa juu ya mikeka na vigoda. Injili ya Dominika inayofuata ikasomwa, ikasomwa tena, kisha kimya. Kimya kile ndicho kilichowachosha wageni. Baada yake kila mmoja alitaja neno lililomshika, bila kuhubiri, na aliyeanza kuhubiri alikatizwa kwa wimbo. Wasiojua kusoma, wengi wao akina mama wazee, hawakuwa wanafunzi dhaifu. Msomaji akiruka neno katika usomaji wa pili, wao ndio waliomrudisha. Kisha likaja swali la wiki: nani ana shida gani? Paa la mjane, maji ya mama aliyejifungua, chakula cha mgonjwa aliyelazwa wilayani, kaburi la kuchimba. Kazi ikagawiwa kwa majina.

Mpango huo ulikuja kujulikana kwa jina la Hatua Saba, baada ya Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini kuuandika na kuusambaza. Anayetaka kujua kwa nini ulifanya kazi aangalie ulivyopangwa. Hatua ya sita ni kuamua la kufanya. Ya saba, ya mwisho kabisa, ndiyo sala ya kila mtu kwa maneno yake. Maana yake mtu alisali akiwa ameshakabidhiwa ndoo. Aliyemwombea mjane alijua kwamba kesho asubuhi atakuwa juu ya paa la mjane huyo na nyasi mkononi, na sala ya mtu wa namna hiyo haiwi ndefu bila sababu. Kusoma kulimpeleka kwenye kazi, kazi ikamrudisha kwenye sala, na wiki iliyofuata Injili ilimkuta akiwa na jambo la kuiuliza. Mambo haya matatu yakitenganishwa kila moja hudumaa: msomaji anakuwa bingwa wa mistari, msalaji anakuwa mtu wa maombi yasiyo na anwani, na mtumishi anachoka.

Wala haya hayakuzuliwa mezani. Miaka ya 1960 utafiti uliofanywa katika parokia ya Nyarombo, Mara Kaskazini, miongoni mwa Wajaluo, uliyaangalia makanisa ya kujitegemea yaliyokuwa yakiwachukua Wakatoliki, na uliona kwamba nguvu yao ilikuwa katika vikundi vidogo ambamo mtu alijulikana na kutembelewa. Kwa maneno mengine tulijifunza kwa wale tuliokuwa tukiwacheka. Upande wa magharibi, Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda kuishi na wanakijiji wa Nyabihanga, akafundisha kwamba fumbo la Utatu ni la kuigwa katika kushirikiana kabla halijawa la kuumiza kichwa. Siasa ya vijiji vya ujamaa kila mtu ana lake la kusema. Hoja ya Mwoleka, hata hivyo, haikufa pamoja na siasa hiyo.

Ataniambia mtu kwamba ninapamba. Jumuiya za zamani nazo zilikuwa na umbea, wanaume walizikwepa, wenyeviti wengine waligeuza zamu kuwa hotuba, na tafsiri nyingine za Injili zingemfanya paroko ashike kichwa. Nakubali yote. Shule yenye wanafunzi wabishi bado ni shule, na kosa la tafsiri lililosemwa mbele ya majirani kumi husahihishwa haraka kuliko lile linalokaa moyoni. Pingamizi zito ni la Rwanda. Huko nako jumuiya zilikuwepo kabla ya 1994, watu walikutana na kusali pamoja, na waliouawa na waliowaua wakawa waamini wa parokia zile zile. Sina jibu la kulimaliza jambo hilo, na namhofia mwenye nalo. Linachonionyesha ni kwamba ukaribu wa nyumba na sala ya pamoja peke yake haviokoi mtu. Injili isipoulizwa inasema nini juu ya jirani tunayeambiwa si mwenzetu, mkutano unaweza kuendelea kila wiki bila kumzuia yeyote.

Sasa niseme ya ofisi. Azimio la 1973 lilitaka kanisa la mahali lijihudumie, lijieneze na lijitegemee. Yalikuwa mambo matatu, na la tatu likawameza wenzake wawili. Fedha za wamisionari zilipopungua, parokia ilihitaji mtu anayemjua kila Mkristo kwa nyumba yake, na jumuiya ilimjua. Ikapewa kadi za zaka, ikapewa malengo ya ujenzi. Halafu ikaja barua, na barua ilianza kwa nia njema kabisa: paroko wa parokia yenye maelfu ya watu hawezi kumtambua kila anayeomba sakramenti, basi majirani wamshuhudie. Tatizo ni kwamba majirani walikuwa wameshashika daftari la michango, na ushahidi juu ya maisha ya mtu ukageuka kuwa ushahidi juu ya malipo yake. Tangu hapo Injili inasomwa mara moja, mbio, kimya kimerukwa, na katibu anafungua daftari kabla ishara ya msalaba haijatua. Asiye na kitu anajifunza kutokuja. Yaani mjane ambaye paa lake lilikuwa hatua ya sita sasa ni jina lenye deni.

Mengine yalikwenda haraka. Sinodi ya Afrika ya 1994 ilitupa lugha nzuri ya Kanisa kama familia ya Mungu, na waraka wa mwaka uliofuata ukazisifu jumuiya, mabango yakachapishwa. Zikaja simu, yakaja makundi ya WhatsApp ambamo somo la siku linatumwa alfajiri na kujibiwa kwa alama ya mikono iliyokunjwa, ikaja corona. Kijana ana Biblia nzima mfukoni na pengine anaisoma kuliko tulivyoisoma sisi, sibishi. Lakini anaisoma peke yake, na hakuna anayemwuliza kesho atakwenda kwa nani. Kenya wamejitahidi kuliko wengi wetu: kila Kwaresima tume ya haki na amani huchapisha masomo ya jumuiya yanayoanza na tatizo la nchi, ardhi au rushwa, kisha Injili, kisha la kufanya. Inaonyesha kwamba mazoea yale yanarudishika, walau kwa wiki chache za mwaka.

Basi barua itenganishwe na risiti. Jumuiya imshuhudie mtu kwa inayoyajua juu yake, na fedha isizungumzwe kabisa kwenye zamu. Paroko atauliza jengo litamalizwa na nani, na ni swali la haki, kwa kuwa mafundi hawalipwi kwa Hatua Saba. Fedha hiyo iombwe kanisani siku ya Dominika, mbele ya watu wote, na hesabu yake isomwe pale pale, hata kama kapu litachelewa kujaa.