Mstari wa Basi

Mbinga, Jumamosi 8 Juni 2024
Ukungu haukuachia migomba hadi saa nne. Rangi nyeupe niliyopuliza Jumatano imekauka. Nimebonyeza ukucha chini ya bodi, pasipoonekana, haukuacha alama. Basi lenyewe ni bati la debe la mafuta ya kula, sentimita 38, nimelilehemu mwenyewe. Mjukuu anataka lifanane na yale yanayoshuka Mbamba Bay: juu jeupe, chini bluu, katikati utepe mwekundu unaopanda ukipinda kuelekea nyuma. Nilikubali kabla sijaufikiria huo mpindo.

Jioni nimebandika tepu ya karatasi, nikapuliza bluu.

Jumapili 9 Juni
Aibu tupu. Nimebandua tepu nilipotoka kanisani, mstari una meno kama msumeno. Bluu imepenya chini, hasa kwenye mishono ya lehemu, ambapo bati limeinuka na tepu ikabaki hewani kama daraja. Upande wa kulia tepu imeondoka na nyeupe yake.

“Babu, tuseme limepata ajali?”

Nimecheka, lakini nimekwazika. Makosa nayajua. Nilipuliza mkono mmoja mzito badala ya mitatu myepesi. Kisha nikalala na tepu, rangi ikakaukia juu yake hadi vikawa ngozi moja. Tena tepu yenyewe ni ya wapaka kuta: ina mikunjomikunjo, na kila mkunjo ni mfereji.

Alhamisi 13 Juni
Msasa namba 400, na maji. Vidole vinakufa ganzi kwa baridi hii. Nikisugua namkumbuka Richard Drew wa 3M, enzi hizo kampuni ya misasa kule Minnesota. Alikuwa akipeleka misasa ijaribiwe kwenye karakana za magari, akawakuta mafundi wakilaani. Magari ya rangi mbili yalikuwa fasheni, na walichobandika kuzuia rangi kilikuwa kikibanduka na rangi yenyewe. Mwaka 1925 akawatolea tepu ya karatasi. Kumbe tepu ilizaliwa kwa ajili ya balaa langu hilihili, na aliyeileta ni mtu wa msasa! Nimefarijika, ingawa kazi ya kusugua imebaki palepale.

Mbamba Bay, Jumamosi 22 Juni
Nimeshuka kwa kikao cha harusi, basi likiwa ndani ya boksi la sabuni, limeshapakwa nyeupe upya. Lami imefanya mteremko uwe mfupi. Zamani ningefika na boksi la vipande. Huku chini joto. Ziwa halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari, na rangi inayochukua siku nzima Mbinga hapa inashika kabla ya chakula cha mchana.

Baada ya kikao nimelipeleka basi kwa mzee mmoja anayepaka mitumbwi na magari. Ameligeuzageuza, akaniuliza nilibandika tepu kisha nikafanya nini. Nikamwambia: nikapuliza bluu.

“Ndiyo hapo, Mwalimu. Tepu haizuii rangi. Rangi ndiyo inazuia rangi.”

Maana yake: ukishabandika, puliza kwanza nyeupe ileile ya chini, kidogo tu, kwenye ukingo wa tepu. Hiyo ndiyo itakayopenya kwenye mianya, na nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Ikishika, mianya imezibwa. Bluu ikija inakuta mlango umefungwa. Miaka yote hii nimekuwa nikigandamiza tepu kwa kijiko nikidhani nguvu ndiyo dawa!

Mpindo nao: anachukua tepu ya umeme, anaibandika kwenye kioo, anaichana kwa wembe mpya vipande vya milimita mbili. Inavutika, inafuata kona bila kukunjamana, na ukingo uliokatwa na wembe ni safi kuliko wa kiwandani. Nyuma yake ndipo unaweka tepu ya karatasi na gazeti.

Jumapili 23 Juni
Tumepuliza bluu asubuhi, kabla upepo wa kusini haujainua vumbi. Mikono mitatu. Rangi ilipoacha kunata, ila bado laini, akabandua taratibu, akiirudisha tepu juu ya mgongo wake yenyewe. Mstari ukatoka kama uliokatwa kwa kisu. Sikusema kitu.

Saa kumi tukapuliza utepe. Dakika chache baadaye ziwa likafuka moshi: wadudu wale wadogo, wingu zima, upepo ukawaleta moja kwa moja. Ng'ambo, Malawi, huwakusanya na kuwafinyanga mikate; mimi nimewapaka rangi nyekundu. Nilinyoosha kidole kuwatoa, mzee akanipiga mkono.

“Acha wakauke. Ukiwagusa sasa unaharibu mstari.”

Mbinga, Jumapili 30 Juni
Wadudu waliokauka wametoka kwa msasa namba 1000, kisha mkono mmoja mwepesi wa nyekundu juu. Upande wa kushoto ni safi kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Wa kulia, juu ya gurudumu la nyuma, umebaki mguu mmoja ndani ya rangi. Mjukuu amenikatalia kuusugua. Anasema huyo ni abiria, ameshakata tiketi.