Gololi na Chapati

Nilizaliwa Mombasa, katika Mji wa Kale. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi nilitenda jambo ambalo hata leo nikilikumbuka naona haya.

Jioni moja tulikuwa tukicheza gololi karibu na Ngome. Mtoto wa jirani yetu, Mbulushi, akanishinda gololi zangu zote. Nikashikwa na hasira, nikamwambia mbele ya wenzetu, "Wewe si mtu wa hapa. Rudini kwenu!" Hakujibu neno. Alizikusanya gololi zake akaenda zake.

Habari zilinitangulia nyumbani, maana katika vichochoro vile maneno hukimbia kuliko watoto. Nyanya hakunipiga. Aliandaa chakula, akaniketisha, akasema, "Mjukuu wangu, kwa kuwa wageni warudi kwao, na tuwape vitu vyao." Akaondoa chapati: "Hizi ni za Wahindi." Akaondoa muhogo: "Huu Wareno waliuleta kutoka Brazil." Akaondoa sahani, kwa kuwa jina lake ni la Kiarabu. "Na leso yangu jina lake ni la Wareno, lakini hiyo siivui!" Nikabaki natazama meza tupu, nayo meza pia ni neno la Wareno.

"Na wewe je?" akauliza. "Babu yetu alikuja kwa jahazi na upepo wa kaskazi kutoka Hadramaut, akaoa binti wa Kidigo. Utarudi upande gani?"

Nilipokua nilisoma mambo ya mji wetu. Wareno walianza kuijenga Ngome ile mwaka 1593. Waarabu wa Oman wakaizingira tangu mwaka 1696, wakaitwaa mwaka 1698. Na miongoni mwa askari wa watawala wa Oman walikuwamo Wabulushi. Basi yamkini wazee wa rafiki yangu walilinda kuta zile zile tulizochezea. Hata Waswahili wa Mombasa, wale wa Mataifa Kumi na Mawili, wamo Wapate na Wafaza, ambao majina yao ni ya miji ya kaskazini, mbali na kisiwa chetu. Hayo sikuyajua jioni ile. Nilijua njaa tu.

Nyanya akazipanga chapati zote, akazifunika kawa, akaniambia nizipeleke kwa jirani. Nilibisha hodi kwa sauti ndogo. Aliyefungua mlango ni rafiki yangu mwenyewe. Alizitazama chapati, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kama ninayo gololi hata moja iliyosalia.