Dalali Anapanda Jukwaani: Kurasa za Shajara

Jumatatu, 12 Mei 2025

Kikao cha kikundi kimeamua. Ile filamu yetu ya dalali, iliyouzwa kwenye CD enzi zile, itageuzwa mchezo wa nyimbo, na kalamu nimekabidhiwa mimi. Mzee, aliyeitunga na kuicheza mwenyewe, kafurahi mpaka kawanunulia watu soda. Hadithi ni nyepesi: dalali anapangisha chumba kimoja kwa watu watatu, anakula cha juu mara tatu, kisha siku ya kuhamia wote wanafika na magodoro yao.

Vijana wanadhani kazi ni kuchukua matukio yale yale na kuchomeka nyimbo katikati. Tukienda hivyo tutapata filamu ile ile, ila ndefu zaidi na yenye kelele. Kabla sijaandika neno nataka nichambue kazi moja iliyofaulu kutoka filamu hadi mchezo wa nyimbo: Little Shop of Horrors. Nimeichagua kwa udogo wake. Waigizaji tisa, bendi ndogo, duka moja la maua. Hiyo ni saizi yetu.

Jumatano, 14 Mei

Nimetazama filamu ya mwanzo, ya 1960, ya rangi nyeusi na nyeupe, dakika sabini na kidogo. Roger Corman aliipiga kwa siku mbili hivi ndani ya studio, kwa kutumia mandhari yaliyobaki ya filamu nyingine. Charles Griffith, aliyeiandika, ndiye pia sauti ya mmea. Seymour ni kibarua katika duka la maua la Mushnik, kwenye mtaa wa walalahoi. Anaotesha mmea wa ajabu, kumbe chakula chake ni damu, na ukishakua unadai watu wazima wazima. Wateja wanajaa dukani kuuona. Kwa hiyo lazima ulishwe.

Humo ndani mna kila kitu. Msimulizi ni askari wa upelelezi mwenye sauti kavu. Yupo mama wa Seymour, anayejiuguza magonjwa asiyonayo. Yupo mteja anayeyatia maua chumvi na kuyala. Na yupo Jack Nicholson, wakati huo hajulikani bado, akiwa mgonjwa anayekwenda kwa daktari wa meno kwa sababu anaufurahia uchungu. Kila baada ya dakika chache anaingia mtu, anachekesha, anatoka. Kamera inaruhusu hivyo, maana ukimchoka huyu, mkato mmoja tu na mwingine yupo mbele yako. Jukwaani hakuna mkato. Aliyeingia lazima atembee kwa miguu yake mpaka atoke, na watu wanamtazama mgongo.

Filamu ya Mzee ina mtindo huo huo.

Jumapili, 18 Mei

Leo nimekaa na toleo la jukwaani. Mwaka 1982, Howard Ashman, aliyekuwa mkurugenzi wa sanaa wa WPA Theatre mjini New York, aliandika mchezo na mashairi ya nyimbo, akauongoza mwenyewe. Muziki ni wa Alan Menken. Ulianza Mei katika ukumbi huo mdogo; Julai ukahamia Orpheum, Second Avenue, ukumbi wenye viti visivyofika 400. Ulikaa hapo hadi Novemba 1987, maonyesho 2,209.

Nimeorodhesha alichotoa. Mama mgonjwa: nje; Seymour sasa ni yatima, na Mushnik anamfanya mwana ili asiipoteze riziki ya mmea. Askari: nje. Mla maua: nje. Yule mgonjwa wa Nicholson, ambaye ndiye watu wanamkumbuka kuliko wote: nje. Hapo nimesimamisha kalamu. Mtu ana tukio linalovunja watu mbavu, naye analiacha. Analiacha kwa sababu mgonjwa yule hamhitaji Seymour kwa lolote. Ukimtoa, hadithi haiumii hata kidogo.

Alichounganisha ndicho kikubwa zaidi. Kwenye filamu daktari wa meno hana uhusiano wowote na Audrey, binti wa dukani. Ashman akamfanya daktari huyo kuwa ndiye bwana wa Audrey, anayempiga. Kwa hatua hiyo moja mzaha wa koleo na meno umepata uzito, na Seymour amepata sababu ya kumtaka afe. Mhusika mmoja anafanya kazi mbili, na mshahara ni mmoja.

Kwetu: mwenye nyumba anayefoka, na mjomba anayemdai fedha binti mmoja wa wapangaji. Wawe mtu mmoja. Binti amemtoroka mjomba, dalali kamrudisha kwenye nyumba ya mjomba huyo huyo bila binti kujua.

Jumanne, 20 Mei

Mahali pa askari msimulizi, Ashman aliweka wasichana watatu wa mtaani: Chiffon, Crystal na Ronnette. Majina yametoka kwenye makundi ya wasichana waimbaji wa Marekani ya miaka ya 60, na sehemu kubwa ya muziki imeshonwa kwa mtindo wa wakati huo. Wanasimulia, wanatania, wanaonya, wanabadili nguo.

Sisi wenzao tunao siku zote: waitikiaji wa taarabu. Wanakaa mstarini, wanamtazama mwimbaji, wanarudisha kiitikio, na uso wa mmoja wao ukibinuka tu ukumbi mzima umeelewa nani anasemwa. Nimemwambia mpiga kinanda natafuta wanawake watatu wa kukaa kibarazani mchezo mzima na kumsema dalali. Kajibu, "Mwalimu, hao hata mazoezi hawahitaji."

Ijumaa, 23 Mei

Wimbo wa Audrey. Anaota kanyumba nje ya mji, uzio, jiko safi, televisheni, maisha yaliyokatwa kwenye majarida. Mtazamaji anacheka kwa udogo wa ndoto yenyewe, Audrey hacheki. Ashman aliwaachia waigizaji maelekezo kwenye kitabu cha mchezo: maandishi yenyewe yana mzaha wa kutosha, kwa hiyo wao wacheze kwa moyo mweupe, bila kukonyeza. Filamu ingemkaribia binti usoni, jicho lijae kioo chote. Jukwaani aliyekaa kiti cha nyuma haoni jicho. Wimbo ndio unaomsogeza karibu.

Jioni tumejaribu wetu. Nimemwandikia binti beti fupi, mstari wa kwanza na wa pili hivi:

Nataka mlango wangu, ufunguo niushike,
Hata shuka liwe langu, nijifunike nicheke.

Mara ya kwanza kaimba huku akibetua mdomo na kumtupia jicho mpiga ngoma, na vijana wakacheka. Nimemwambia arudie, asimchekeshe mtu. Afikirie chumba anacholala na wadogo zake. Karudia akiwa ameshika ufunguo wa kabati la vyombo vya kikundi, mkono umeukaza. Pale kwenye shuka watu wamecheka tena, na kicheko kimekuja chenyewe, kimechelewa kidogo. Hicho ndicho ninachokitaka.

Jumatatu, 26 Mei

Mmea. Vikaragosi vilitengenezwa na Martin P. Robinson, ambaye ni mtu wa Sesame Street pia, naye ndiye aliyekuwa akiviendesha kwenye maonyesho ya mwanzo. Viko kwa ukubwa tofauti. Cha kwanza kinakaa ndani ya chungu. Kinachofuata kinanipendeza kuliko vyote: Seymour anakipakata huku akiimba na kutembea, mikono miwili ikionekana inashika chungu, kumbe mmoja ni wa bandia na mkono wake halisi umo ndani ya mmea, unautikisa kichwa na kuufungua mdomo. Mwigizaji anajichezea na kujiogopa mwenyewe. Cha mwisho ni kikubwa kiasi cha kumeza mtu mzima mbele ya macho ya watu. Aliyemo ndani anaendesha taya, na mwimbaji aliyejificha nje ya jukwaa anatoa sauti. Lazima wapumue pamoja, la sivyo mdomo unafunguka neno likiwa limeshapita.

Bajeti yetu haina kikaragosi. Ina magodoro matatu. Nimemwomba seremala atupatie fremu ya mlango mmoja unaobebeka, wahamishe wenyewe wanapoimba. Chumba kiwe pale mlango ulipo.

Alhamisi, 29 Mei

Kifo cha daktari wa meno. Kwenye filamu ni purukushani ya dakika moja. Kwenye mchezo, Seymour anakwenda na bastola, kisha anashindwa kufyatua. Daktari mwenyewe kavaa kofia ya gesi ya kulewesha kwa ajili ya starehe zake, kofia inakwama, gesi inazidi. Anaomba msaada huku akicheka, maana gesi ndiyo inayomchekesha. Na anaimba. Seymour hatua mbili tu kutoka alipo, mikono yake mizima, anaimba upande wake: nimsaidie, nisimsaidie. Hafanyi kitu. Wimbo unakwisha na daktari kwisha.

Hapa ndipo niliposhika siri ya kazi nzima. Kwenye filamu Seymour ni mtu wa bahati mbaya, mambo yanamtokea. Jukwaani anaamua. Wimbo unataka mtu aliye njia panda, kwa sababu bahati mbaya haiwezi kuimbwa dakika tatu. Uamuzi unaweza.

Dalali wetu anatoroka tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa namsimamisha. Bahasha ya kodi ya miezi sita iko mkononi, sehemu yake imo humo. Binti kainama anafunga shuka lake, anauliza, "Kaka, mwenye nyumba ni mtu wa namna gani?" Dalali anajua. Bendi inaingia hapo.

Jumatatu, 2 Juni

Mpiga kinanda kauliza swali ambalo Ashman na Menken hawakulazimika kulijibu: "Mwalimu, wakija kutunza nizungushe wapi?"

Kweli. Pale Orpheum mtazamaji alikaa kitini, akapiga makofi wimbo ulipokwisha. Wa kwetu, wimbo ukimgusa, anainuka. Anacheza taratibu mpaka mbele, noti juu, anamtunza mwimbaji, pengine anamwelekezea kidole jirani yake aliyekuja naye. Tumelelewa hivyo. Kwenye maonyesho ya Muungano Cultural Troupe na ya Tanzania One Theatre, tiketi moja ilikupa ngoma, sarakasi, kichekesho na taarabu usiku huo huo. Mtazamaji wetu hahitaji kufundishwa kwamba kichekesho na wimbo vinakaa pamoja. Anachohitaji ni nafasi ya kuinuka.

Tumekubaliana. Wimbo wa ufunguo una kiitikio kinachozunguka kadiri watu watakavyo, na waitikiaji wa kibarazani wanaruhusiwa kuwashukuru watunzaji kwa utani wa papo hapo. Wimbo wa bahasha hauna mzunguko. Unakwenda moja kwa moja bila kiitikio, ili asipatikane mtu wa kuinuka kumtunza dalali wakati anaamua kumuuza binti wa watu.

Jumanne, 10 Juni

Mwisho. Kwenye mchezo wa Ashman mmea unashinda. Unammeza Mushnik, Audrey, hatimaye Seymour. Vipandikizi vyake vinauzwa Marekani nzima, na kwenye onyesho la awali mizizi ilidondoka kutoka darini juu ya vichwa vya watazamaji. Watu walishangilia.

Frank Oz alipourudisha kwenye filamu mwaka 1986 aliupiga mwisho huo huo, dakika 23 zinazoishia na miji kubomolewa. Watazamaji wa majaribio wakaukataa, ikabidi apige mwingine ambao wapenzi wanaokoka. Ule wa kwanza ulirudishwa hadharani mwaka 2012. Oz ameeleza sababu: jukwaani waigizaji waliokufa wanatoka kuinamia watu, lakini kwenye filamu waliokufa wamekufa. Na mgonjwa anayependa uchungu? Oz alimrejesha, akamwita Bill Murray. Kioo kina nafasi kwa mpita njia.

Kwa hiyo dalali wetu anaweza kushindwa vibaya kabisa, atolewe nje na godoro kichwani, mlango ufungwe. Dakika mbili baadaye atarudi kuinama, na watu watampigia makofi kwa roho safi.

Ijumaa, 13 Juni

Vijana wamependekeza tuachane na dalali, tutafsiri Little Shop kwa Kiswahili, eti iko tayari. Nimewaeleza kwamba mchezo huo una wenyewe: ruhusa ya kuuonyesha hutolewa na Music Theatre International kwa malipo, na tafsiri nayo huombewa ruhusa yake. Hata dalali ana mwenyewe. Nimeandaa karatasi ya makubaliano ili Mzee atie saini kama mtunzi wa filamu, jina lake liwe kwenye tangazo, na asilimia yake iandikwe kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.

Nimeipeleka nyumbani kwake jioni. Shikamoo, marahaba, chai. Kasoma muswada wote bila kusema, kisha kauliza, "Mnusa kuta yuko wapi?"

Mnusa kuta ni mteja anayezunguka chumba akinusa kuta kabla ya kulipa. Watoto wa mtaani bado wanamwigiza Mzee akimfuata nyuma na kopo la marashi.

"Mzee, nimemtoa."

"Ukimtoa huyo, watu watadai nauli."

Nimemweleza habari za Nicholson na Bill Murray. Nimemwambia mnusa kuta hataki chochote kwa dalali isipokuwa kicheko. Kanyamaza, kaongeza sukari. Mwisho kasema dalali anayesimama na bahasha mkononi hajawahi kumcheza, na kwamba anahofia kidogo. Katia saini.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefunga orodha. Nyimbo tisa, waigizaji wanane, fremu moja ya mlango, magodoro matatu. Polisi wa kwenye filamu ya Mzee katoka, mnusa kuta katoka, mwenye nyumba na mjomba ni mtu mmoja. Kila aliyebaki anataka kitu kutoka kwa mwenzake, na asiyetaka kitu hana wimbo. Mazoezi na bendi yanaanza Jumatatu saa kumi jioni, na tunaanza na wimbo wa bahasha, maana huo ukianguka mchezo wote umeanguka.