Kwa Eropleni Ndogo Mpaka Kakamega

Kutoka Nairobi mpaka Kakamega kwa motakaa ni safari ya kutwa. Kwa eropleni ndogo yenye injini moja, kwa mstari ulionyooka, ni maili 180 tu, na safari huchukua kama saa moja na nusu. Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba mwenye eropleni yake ameyashinda matope na milima, na ya kwamba hufika apendapo, saa apendayo. Sivyo hata kidogo. Njia ya hewani ina milango yake, nayo hufunguliwa na kufungwa bila kumwuliza mwenye safari.

Rubani huanza kazi kabla ya jua kupanda. Katika kiwanja cha Wilson, kilichoitwa kwa jina la Bibi Florence Kerr Wilson aliyeanzisha kampuni ya eropleni mjini Nairobi mwaka 1929, huizunguka eropleni yake kama mkulima akaguaye maksai kabla ya kuwafunga jembe. Huchungulia tangi la mafuta kwa macho yake, wala haamini saa ya mafuta peke yake. Huchota mafuta kidogo chini ya tangi atazame kama maji yameingia. Kisha hupeleka habari za safari yake kwa waongozaji wa ndege, ili asipofika watu wajue pa kumtafuta.

Mlango wa kwanza u karibu na Nairobi penyewe. Katika miezi ya baridi, Julai na Agosti, mawingu hulala chini asubuhi juu ya Ngong na Limuru. Rubani asafiriye kwa kutazama ardhi hana ruhusa ya kuingia ndani ya mawingu hayo, maana milima imo humo humo. Basi hungoja. Saa mbili hupita, saa tatu hupita, naye amekaa chini ya bawa akitazama juu. Kila saa anayongoja hapa ni saa inayopunguka huko Kakamega.

Mawingu yakiinuka, huondoka. Bonde la Ufa humfungukia ghafula chini ya miguu, na mlima Longonot ukionyesha shimo lake kama chungu kilichovunjika mdomo. Mbele yake ni Mau, ambao mahali pengine hupita futi 10,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini huhema kama mtu apandaye mlima na mzigo kichwani. Ikiwa amepakia mizigo mingi, eropleni hupanda polepole mno. Tena upepo ushukao upande wa pili wa mlima waweza kuisukuma chini. Mwenye busara hupata kimo chake mapema, wala hangoji mpaka mlima umjie usoni.

Baada ya Mau huja majani ya chai, kijani kitupu, kisha Tinderet na nchi ya Nandi, na mstari wa Ikweta hupitwa bila alama yo yote. Halafu ardhi huporomoka, na msitu wa Kakamega huonekana, mweusi na mzito, na baada yake mashamba: mahindi, miwa, migomba na nyumba, yamebanana kama viraka vya nguo. Mtazamaji huona uzuri. Rubani huona jambo jingine pia: injini ikizima, atatua wapi? Akiwa futi 3,000 juu ya ardhi, aweza kuteleza hewani maili nne au tano tu. Katika nchi hii kila kipande kina mwenyewe. Wazee wao waliujua uchungu wa kupoteza kipande mwaka 1932, dhahabu ilipokwisha kupatikana na sheria ikageuzwa ili mashamba yaweze kutwaliwa kwa uchimbaji. Pasipo mti pana mtu, na pasipo mtu pana mazao. Kwa hiyo macho ya rubani hayatulii; hutafuta kiwanja cha shule au malisho mapana, akitumaini hatavihitaji.

Mlango wa mwisho ni mvua. Kila mkulima wa Kakamega aujua: asubuhi ni ya jembe, alasiri ni ya radi. Mchana upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuelekea bara, hukutana na nchi ya juu ya Nandi, na mawingu hupanda kama moshi wa tanuri. Ndiyo yaletayo mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo yawezayo kuivunja eropleni ndogo. Rubani aliyecheleweshwa Nairobi huyakuta yamekwisha simama, naye huona kiwanja kwa mbali, maili kumi tu. Hapo ndipo ujuzi wake hupimwa. Moyo humwambia apenye haraka. Ndugu wanamngoja, na chakula kimepikwa. Lakini maili kumi ndani ya radi ni ndefu kuliko zile 170 alizokwisha kuzipita.

Mwenye akili hugeuza. Hushika njia ya kusini, kama uwazi ungalipo, akatua Kisumu, akaifunga eropleni yake kwa kamba, kisha akapanda matatu pamoja na akina mama na vikapu vyao. Karibu na mji hulipita jiwe la Ilesi, ambalo watu husema hulia, likitiririka maji. Wenyeji wake humcheka: mwenye eropleni amekuja kwa matatu! Naye hucheka pamoja nao, akanawa mikono, akakaribia chakula. Kutangulia si kufika.