Mbayuwayu, Duvi na Kiwanja cha Tanga

Kuanzia Oktoba mbayuwayu hufika Johannesburg kutoka Ulaya, nao huonekana wakikata hewa juu ya viwanja vya chuo hapa Braamfontein. Majuma hayohayo, usiku, duvi hupanda mchanga wa Maputaland, kaskazini mwa KwaZulu-Natal, kutaga. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi. Mwenzake huweza kupita kilo 100. Tofauti hiyo haina uzito kwangu. Kinachonishughulisha ni kwamba wasafiri hawa wawili huja nchi moja, msimu mmoja, kwa haja zinazopingana.

Mbayuwayu haji kuzaa. Huja kula wadudu na kubadili manyoya, kisha hurudi kujenga kiota kaskazini. Mwezi Mei 1911 John Masefield, wakili wa Cheadle, Uingereza, alimvisha mmoja pete mguuni. Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, na ubishi wa karne nyingi kuhusu wanakokwenda mbayuwayu wa Uingereza ukapata jibu.

Duvi naye hurudi pande za pwani alikoanguliwa, atage, kisha aondoke. Wahifadhi wa Maputaland wanawahesabu tangu 1963, na alama walizowabana kwenye mapezi zimepatikana Msumbiji na Tanzania. Ndiyo maana wavuvi wetu wana jina la kasa huyu ingawa mayai yake hawayaoni: kwetu ndiko anakolishia, na pengine ndiko anakofia, ndani ya jarife. Nani basi aseme ni wake? Ulinzi wa ufukwe mmoja haumfikishi mbali mnyama anayeishi miaka mingi mbele ya ufukwe mwingine. (Vitabu vya ndege vya huku humwita mbayuwayu mgeni, ilhali miezi anayokaa huku inakaribia kulingana na ile ya kaskazini. Sijui mgeni huhesabiwa kwa kalenda gani.)

Mimi sifuati kanuni ya yeyote kati yao. Mbayuwayu hula ugenini akazaa kwao. Duvi wa pwani yetu hula Tanzania akazaa kusini alikozaliwa. Mimi nimekula huku na nimezaa huku. Kwetu nimebakiza kiwanja. Binti yangu ana miaka tisa. Kiswahili chake ni cha kuamkia wakubwa. Utani wake wote ni wa Kizulu. Akija kuulizwa kwao, atataja mtaa huu, na sitakuwa na hoja ya kumpinga.

Kaka yangu amepata mnunuzi wa kiwanja alichotuachia baba, naye anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama hashauri. Kila tukizungumza husema tu, “Mwacha asili ni mtumwa, mwanangu,” kisha huuliza hali ya mjukuu wake.

Jana nilimwambia kaka asiuze. Akaniuliza nitajenga lini. Nikamwomba kwanza apande minazi mipakani, nami nitatuma fedha ya miche.