Masega Yasiyo na Asali

Fundi wa Kericho aghalabu hukiita kifaa hicho katalitiki, jina la kigeni lililokatwa mkia. Mwenzake wa Tanzania hukiita masega, na jina hili la pili ndilo lenye picha. Mkazi wa Bomet aliyekulia karibu na mizinga ya msitu wa Mau angelielewa bila kufafanuliwa. Ndani ya kopo la chuma lililo kwenye bomba la moshi mna kigae chenye vitundu vingi mno, kilichopakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ungali moto, kaboni monoksidi, ile sumu isiyo na harufu, hugeuka kuwa kaboni dioksidi, na mabaki ya petroli huungua. Zamani risasi iliyotiwa katika petroli iliyaua masega mapema. Kenya iliachana na petroli hiyo mwaka 2006.

Yapo mengine yanayoyaua bado. Mwalimu mmoja wa Litein, mwenye shamba dogo la chai, alinunua Toyota Probox kuukuu kwa fedha za bonasi. Baada ya miezi michache gari likaanza kukataa vilima vya barabara ya Kericho, likivuta pumzi kama mgonjwa wa pumu.

“Mwalimu, katalitiki imeziba,” akasema fundi. “Nitakuchomelea bomba tupu, ama nikutafutie mpya ya bei nafuu. Hii ya zamani niachie, ni chuma tu.”

Chuma tu! Masega yaliyoziba hayapotezi madini yake yote, na wapo wanunuzi wanaoyatafuta kwa ajili ya madini hayo. Yamkini kopo lile jeusi lilikuwa na thamani kuliko jipya lililong’aa. Vipuri vya bei nafuu visivyotoka kwa mtengenezaji wa gari mara nyingi hupakwa madini haba, na jicho haliwezi kuona kasoro hiyo. Bei ndiyo hudokeza. Si lazima fundi awe mlaghai. Huenda naye aliuziwa vivyo hivyo.

Bomba tupu lingelirudishia gari nguvu, lakini wachumaji chai na watoto wa shule hutembea kandokando ya barabara ile ile, na moshi usiosafishwa huwapita usoni.

“Kilichoyaziba ni nini?” mwalimu akauliza.

Fundi akafungua plagi. Mbili zilikuwa nyeusi tititi. Plagi isiyowasha huachilia petroli mbichi iende kuungulia ndani ya masega, joto likazidi, kigae kikayeyuka. Kipuri chochote kipya, kiwe halisi au cha bei nafuu, kingeliangamia vivyo hivyo.

Plagi zikabadilishwa kwanza. Kopo la kale likaenda Litein ndani ya gunia, mpaka bei yake ijulikane.